Tanjia Mbili na Uzi Mmoja wa Buluu

Mahjubu akitaka kusimulia habari hii, kwanza huweka dau. Huweka kilo nzima ya nyama ya muundi kwamba hakuna atakayemwamini. Mpaka leo hajanunua hata kipande. Kila akimaliza, watu wanacheka, wanampiga bega, wanasema mzee umetuua, na yeye anabaki ameshinda dau huku roho inamuuma. Mambo mengine yote aliyowahi kuwasimulia ni uongo mtupu. Hili ndilo la kweli.

Kumpata Mahjubu si kazi. Ukishapita lango la Bab Dukala, pale Marrakesh, ulizia nyumba ya wageni yenye kobe. Utaingia kichochoro ambacho ukikutana na punda mwenye mzigo, wewe ndiye unayerudi kinyumenyume. Mwishoni kuna mlango mfupi wa mbao, na mbele yake amesimama mtu mfupi kuliko mlango, masharubu yamechanwa vizuri kuliko nywele. Akikuambia nyumba imefungwa kwa sababu kobe amekwenda kuhiji, ndiye huyo, umefika.

Shule aliiacha darasa la nne. Yeye husema shule ndiyo iliyomwacha, na ililia sana. Akajifunza kazi ya chokaa, ile ya kuta za hamamu, nyumba ya kuogea ya mtaa: unapaka, unasugua kwa jiwe la mtoni mpaka ukuta unang'aa na maji yanateleza juu yake bila kupata pa kushika. Kwa mikono hiyohiyo aliifufua nyumba ya baba yake iliyokuwa inaanguka. Vyumba vitano kuzunguka ua, mchungwa katikati, birika la maji lenye vigae, na ngazi ambayo kila kidato kina urefu wake kwa sababu babu aliijenga akiwa na haraka ya kuoa. Wageni wanatoka Ulaya kuja kulipia kulala kwenye chumba ambacho Mahjubu alifungiwa utotoni kwa adhabu akalia atolewe. Jambo hilo linamfurahisha kila asubuhi, upya kabisa.

Wageni anawapenda, na anawadanganya wote bila ubaguzi. Kobe wa uani anaitwa Mkaguzi. Kuna wageni walioambiwa kwamba alikuwa askari wa forodha akastaafu. Wengine waliambiwa akivuka birika usiku kesho yake mvua inanyesha, wakakaa macho wakimlinda. Watu wa Marrakesh wenyewe wanajulikana kwa utani nchi nzima, lakini hata wao wakimwona Mahjubu anakuja hushika mifuko yao.

Sasa, Ijumaa ile nyumba haikuwa na mgeni wa kulipa hata mmoja. Vyumba vyote vitano vilikuwa vimefagiliwa, shuka zimepigwa pasi, maua ya waridi yameelea kwenye birika, na Mkaguzi ameogeshwa kwa nguvu. Mahjubu alikuwa amepanda na kushuka ile ngazi mbovu tangu alfajiri kama mtu aliyepoteza kitu. Mkewe, Bi Yamna, alimwambia akae chini kabla hajazimia wakamzika badala ya kupokea wageni. Hakuweza kukaa. Watu wa Fes walikuwa njiani, wanakuja kumtazama binti yake.

Binti ni Nuzha, anayesuka vifungo vya hariri vya kanzu kwa vidole vya haraka hivi kwamba ukitazama sana unapata kizunguzungu. Na kijana ni Anas, fundi umeme, aliyekuja kutoka Fes kutengeneza nyaya za shule ya jirani akapanga chumba kidogo cha chini ya ngazi. Kazi ikaisha, akaondoka. Akarudi kutengeneza taa ya uani ambayo haikuwa imeharibika. Akarudi mara nyingine kuangalia kama bado haijaharibika. Hapo hata Mkaguzi alielewa.

Walifika kabla ya kuskusi ya Ijumaa. Haji Abdelhak, baba yake Anas, mtu mrefu, mweupe, kanzu yake haina mkunjo hata baada ya saa zote zile za treni. Biashara yake ni mizani, ameiuza maisha yake yote. Bi Ghita, mkewe, alikuwa mnene na mwepesi wa kucheka, akampenda Nuzha kabla hajavua viatu. Katika mizigo yao ulikuwemo mfuko mmoja mzito, na Bi Yamna aliuona akajua kilichomo: mapande ya sukari ya posa, marefu kama pembe, yamefungwa karatasi ya zambarau. Mambo yakikubalika, sukari inatolewa na kuwekwa juu ya sinia mbele ya watu. Yasipokubalika, inarudi nao kwenye treni. Mfuko ulipelekwa chumbani ukafungiwa.

Mahjubu akaanza kazi yake. Haji aliuliza maji ya birika yanatoka wapi, akaambiwa Fes, tunayaiba usiku. Bi Ghita akacheka mpaka akashika mchungwa. Haji akauliza nyumba ina umri gani, akaambiwa miaka mia nne. Baadaye, kwenye ngazi, akamsikia Mahjubu akimwambia Anas ni miaka mia saba, na kidato kile cha tatu ndicho cha zamani kuliko vyote. Akauliza kama mtaa una daktari karibu. Mahjubu akajibu yuko mmoja mzuri sana, ila anatibu nyumbu tu, na wagonjwa wake hawajawahi kulalamika.

Baada ya kuskusi Haji alinawa mikono, akaikausha taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Bwana Mahjubu," akasema, "binti yako hana kasoro. Nyumba yako nzuri. Lakini tangu nimeingia sijasikia kutoka kwako neno moja nikajua hili ni la kweli. Kesho keshokutwa ukinipigia simu Fes kuniambia mjukuu wangu anaumwa, nitajuaje kama nikimbie au nicheke?"



Haji hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba kesho watakula chakula cha mchana, treni yao ni jioni, na neno lake atalitoa akishakula. Mahjubu akadakia. Akasema kesho hatagusa jiko mwanamke, kesho anapika yeye, tanjia, chakula cha wanaume wa Marrakesh, na Haji akishaonja tanjia ya Mahjubu atasahau njia ya kurudi Fes. Haji akasema sawa, ataonja.

Nuzha alikuwa amesikia yote kutoka juu, kwenye ukingo wa ghorofa. Alimsubiri baba yake jikoni. Hakulia, alikuwa na uzi wa hariri wa buluu mkononi na anauzungusha.

"Baba, kesho siku moja tu. Usitanie."

"Naapa, binti yangu."

"Usiape. Wewe hata ukiapa masharubu yanacheka."

Akayashika masharubu kwa vidole viwili ili yasicheke, akaahidi hivyo hivyo ameyashika.

Jioni ile alikwenda kwa mwuza nyama na chungu chake, kile chenye tumbo pana, shingo nyembamba na masikio mawili. Muundi wa ng'ombe na uboho wake. Bizari nyembamba, samli ya zamani inayonuka hadi kichochoro cha pili, limau la chumvi, na kitunguu saumu. Kitunguu saumu hasa. Mahjubu ana imani kwamba kitunguu saumu hakijawahi kuzidi duniani. Akafunika mdomo wa chungu kwa karatasi ya kaki, akaifunga kwa uzi wa buluu aliopewa na Nuzha, kwa sababu uzi ule hakuna mtaani mwenye nao, akauzungusha shingoni mara mbili. Akakitikisa chungu karibu na sikio kama mtu anayesikiliza siri. Kisha akashuka nacho kwenye tanuri la hamamu.

Kule chini Mzee Allal anachochea moto wa maji ya kuogea kwa maranda na kokwa za zeituni, na majivu yake ya pembeni ndiyo yanayopika tanjia za mtaa mzima. Macho yake yamekula moshi mwingi, hatofautishi tena uso na uso. Alama anaipapasa kwa kidole. Mahjubu akamwambia ya uzi wa hariri. Mzee Allal akapapasa, akaguna, akakizika chungu majivuni mpaka mabegani. Vingine vilikuwa vimezikwa tayari. Mahjubu hakuviangalia. Mtu mwenye tanjia kama ile hana haja ya kuangalia za wengine.

Angeangalia angekiona cha Jilali.

Jilali ana nyumba ya wageni ng'ambo ya kichochoro, mlango unatazamana na mlango. Walijifunza chokaa kwa fundi mmoja, na enzi za ujana kila sikukuu walibeba tanjia moja wakaenda kuila bustanini na wenzao mpaka jua linazama. Siku moja mtu na mkewe kutoka Ubelgiji walipotea na mabegi yao wakamuuliza Jilali iko wapi nyumba ya Mahjubu. Jilali akashika kichwa. Maskini Mahjubu, akasema, tumemzika juzi. Wakalala kwake. Asubuhi wakakutana na Mahjubu kwenye tanuri la mikate amebeba ubao wa mikate kichwani, na yule mama akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni. Mtaa ulicheka mwezi mzima. Mahjubu, ambaye ametania watu tangu akinyonya, hakucheka. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na Mahjubu akawa anamwambia kila anayemsikiliza kwamba Jilali vyumba vyake vina kunguni na mkono wake haujui kupika hata yai.

Wake zao hawakugombana. Juu ya mapaa, wanakoanika nguo, wanaume hawana sauti.

Jumamosi adhuhuri Mahjubu aliteremka tanurini akikimbia. Mzee Allal akapapasa shingo za vyungu, akagusa hariri, akatoa chungu, akampa. Mahjubu akakiweka kikapuni na kupanda nacho mtaani akipaza sauti watu wapishe, kana kwamba amebeba bwana harusi mwenyewe. Watu walitoka milangoni. Mtengeneza viatu akamuuliza leo anamlisha nani, akajibu mizani ya Fes, na ikishaonja itavunjika.

Uani meza ilikuwa tayari chini ya mchungwa, mikate ya moto imefunikwa, wote wamekaa. Mahjubu akakata uzi, akauweka kando, akatoboa karatasi. Mvuke ukapanda na harufu ikatandaza miguu uani pote. Bi Ghita alifumba macho. Mahjubu akainamisha chungu juu ya sahani kubwa, nyama ikamwagika, laini, ya dhahabu, inang'aa.

Ya kondoo.

Alibaki ameinama vilevile, chungu kinadondosha tone la mwisho. Bega la kondoo, zafarani nyingi, na limau limekatwa vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Kuna mtu mmoja tu Marrakesh anayekata limau hivyo. Mahjubu alimwona akilikata hivyo bustanini tangu hawajaota ndevu.

Hakuna aliyemwangalia. Haji alikuwa ameshamega mkate. Akala tonge la kwanza. Akala la pili. Mtu yule mkavu akaegemea mto, akatazama juu kwenye majani ya mchungwa, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyobana. Anas alimtazama baba yake na kusahau kutafuna.

"Bwana Mahjubu," Haji akasema, pole kabisa, "nimekula nyama nchi nzima. Hii umeipikaje?"

Hebu fikiria. Sifa ambayo Mahjubu ameisubiri maisha yake yote ilikuwa imekuja yenyewe, imekaa mbele yake na mkate mkononi. Neno moja tu, na sukari inatoka chumbani. Bi Yamna alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mahjubu akamtazama Nuzha. Nuzha alikuwa anatazama masharubu.

"Sijaipika mimi," Mahjubu akasema. "Hii tanjia si yangu."

Bi Ghita alicheka hadi machozi. Akampiga mumewe goti, akasema umeona, huyu mtu hachoki. Anas naye akacheka kwa woga. Mahjubu akasema tena, si yangu, wallahi, imebadilishwa tanurini, yangu ya ng'ombe. Bi Ghita akaomba asiendelee, mbavu zinamuuma. Kadiri alivyoapa ndivyo ilivyochekesha, na aliyekuwa hacheki ni mmoja. Haji aliweka mkate wake chini. Uso ukarudi kujifunga.

"Hata hapa?" akasema. "Nimekuuliza kitu kimoja kwa heshima, nimeacha tonge. Hata hapa?"

Kisha akamgeukia mkewe na kumwambia taratibu akusanye vitu, treni haimsubiri mtu.

Mahjubu hakumbuki aliinukaje. Anakumbuka tu yuko kichochoroni na kile chungu kitupu mkononi, na mbele yake mlango ambao hakuugonga kwa miaka. Akaugonga. Mtaa mzima ulikuwa unatazama, mtengeneza viatu kasimama na nyundo hewani. Jilali akafungua. Ndevu zake ziling'aa mafuta.

Mahjubu akamwambia ana wakwe ndani wanataka kuondoka na binti yake anabaki hajaposwa, na kinachowaondoa ni tanjia. Aje aseme ni yake. Jilali alimtazama muda mrefu. Ulikuwa muda wa kutosha kuyakumbuka yote, kunguni na yai. Kisha akaingia ndani, na Mahjubu akadhani ndiyo basi. Akatoka na chungu kingine, kimefika nusu, akapita mbele yake na kuvuka kichochoro.

Uani Bi Ghita alikuwa amesimama na shuka mkononi, hajui akunje au aache. Haji alikuwa mlangoni mwa chumba, mfuko wa sukari begani.

"Huyu bwana anasema tanjia ile ni yako," Haji akamwambia Jilali.

Jilali akamtazama Mahjubu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Bwana huyu? Lakini huyu si tulishamzika?"

Nuzha alifumba macho. Mahjubu aliona kila kitu kikiondoka, kinashuka kile kichochoro na mabegi yake. Ila Jilali alikuwa ameshalipata alilolitaka, na akaweka chungu mezani kwa kishindo.

"Ni yangu," akasema. "Bega la kondoo. Limau nimekata mwenyewe. Ya kwake hii hapa, kitunguu saumu mpaka wageni wangu Wajerumani wamefungua madirisha. Na elewa, Haji, mimi simpendi huyu. Ametangaza nina kunguni. Ningeweza kukaa kwangu nimwache aumbuke, na ningefurahi sana. Nimekuja kwa sababu hiyo tanjia nimeipika mimi, na sifa zake nazitaka."

Haji alitua mfuko chini. Akaja mezani kama anavyokuja dukani kwake asubuhi. Akauliza alama. Bi Yamna akauokota uzi wa buluu uliokatwa, na Jilali akachomoa wake mfukoni. Haji akaweka mmoja kiganja cha kulia na mwingine cha kushoto, akaviinua karibu na mwanga. Uzi uleule.

Hapo Nuzha akasema, sauti ndogo, kwamba mkewe Jilali alimwomba uzi juu ya paa juzi, wa kufungia chungu, akampa kutoka donge hilohilo. Hakujua wanapika siku moja. Mahjubu na Jilali wakatazamana kwa mara ya kwanza bila ukuta kati yao. Miaka yote wao hawasalimiani, na huko juu familia zao zinafungwa kwa uzi mmoja.

Haji akamega mkate, akachovya kwenye chungu cha Mahjubu, akatafuna. Macho yalitoa maji ya kitunguu saumu. Akameza kwa adabu ya Fes.

"Kwa hiyo nilipokusifu," akamwambia Mahjubu, "ulijua si yako."

"Nilijua kabla haijamwagika yote."

"Na ungenyamaza, nisingejua mpaka nakufa."

Mahjubu akasema ndiyo. Masharubu hayakutikisika. Haji aliyachunguza kwa makini kweli, kama anavyotazama mshale wa mizani usimame, kisha akageuka na kumwambia Bi Ghita kwamba shuka airudishe kitandani, watakwenda na treni ya kesho. Bi Ghita hakungoja zaidi. Alifungua mfuko, akatoa mapande ya sukari yote, akayasimamisha juu ya sinia chini ya mchungwa, na Bi Yamna akapiga vigelegele vilivyojibiwa kutoka paa la Jilali kabla havijaisha. Mtengeneza viatu akaingia bila kukaribishwa. Anas akaenda kuangalia kama taa ya uani imeharibika. Mkaguzi akatoka chini ya birika, akakuta tonge la kondoo limedondoka, akalikamata bila kumuuliza mtu.

Walikula wote, vyungu vyote viwili, Jilali ameketi karibu na Haji akipokea sifa zake kama mtu anayepokea deni. Mahjubu, akiwa bado hajaweka kitu mdomoni tangu asubuhi, alimega mkate na kuchovya kwenye mafuta ya kondoo, yale yaliyobaki pembeni mwa sahani. Akatafuna polepole. Akachovya tena.

Alikuwa amesema miaka yote kwamba Jilali hajui kupika. Hapo alikosea.